GARI LIKIKATAA KUWAKA: TUTAFUTE KWANZA, TUFUNGUE BAADAYE

(Mazungumzo haya yalitolewa Kambi Muru, Kibera, mbele ya vijana wanaojifunza umekanika pamoja na madereva na majirani. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa.)

 

Tumeombwa tuzungumze juu ya jambo moja tu: gari limekataa kuwaka, sasa tuanzie wapi? Huenda kuna mama hapa anajiuliza, "Hayo yananihusu nini na mimi sina gari?" Yanakuhusu, mama. Zile teksi zinazolala kando ya Kibera Drive zinalisha nyumba nyingi za hapa. Dereva ana hesabu ya kumpelekea mwenye gari kila jioni, na gari likilala gereji siku mbili, karo ya mtoto nayo imelala. Tena saa tisa za usiku binti yako akishikwa na uchungu, gari la jirani ndilo litakalomfikisha Mbagathi au Kenyatta. Likisema "tik" halafu likanyamaza, hayo si mambo ya wenye magari peke yao tena.

Basi wacha tuseme wazi tangu mwanzo. Kabla ya kufungua nati hata moja, tutafute ugonjwa uko wapi. Na huko kutafuta ni kazi, tena kazi ya kulipwa. Hiyo sehemu ya pili najua itatuletea ubishi, tutaifikia.

Wengi wetu hatukujifunza kazi hii darasani. Tulijifunza kwa kumshikia fundi tochi, wengine huku Kibera, wengine kule Kawangware. Hakuna aibu hapo. Mwaka wa 1972 Shirika la Kazi Duniani lilitoa ripoti juu ya Kenya, ikasema kwamba watu wa kazi ndogondogo wanafanya kazi ya maana na yenye faida, ingawa walikuwa wakisumbuliwa badala ya kusaidiwa. Miaka 20 baadaye, mwaka wa 1992, serikali nayo ikachapisha waraka wa sera juu ya biashara ndogo na Jua Kali. Na mwenye kutaka cheti asikate tamaa: NITA ina mitihani ya ufundi ya gredi ya 3, ya 2 na ya 1, na aliyejifunzia kazini anaweza kuifanya.

Lakini kushika tochi kuna hasara yake. Unajifunza mkono wa fundi, hujifunzi kichwa chake. Unaona ametoa stata. Huoni ni kwa nini hakuigusa koili. Kwa hiyo gari la pili likija, nawe unatoa stata. La tatu, stata. Na pale Kirinyaga Road, ambapo wazee bado wanapaita Grogan, hakuna mwenye duka atakayekuuliza kama umepima kwanza. Atakuuzia. Na spea ya umeme ikishafungwa kwenye gari, kuirudisha dukani ni vita.

Sasa tuingie kazini. Gari limeletwa, au umeitwa uende liliko. Hakikisha breki ya mkono imevutwa na gia iko nyutro, kama ni otomatiki iwe kwenye P. Halafu mwambie dereva azungushe ufunguo mara moja, nawe usimame karibu na boneti, unyamaze, usikilize. Mara moja inatosha, maana dereva akishikilia ufunguo dakika nzima kwa hasira ataimaliza betri, na hapo atakuwa ameongeza ugonjwa wa pili juu ya ule wa kwanza.

Utasikia mojawapo ya mambo matatu. Ama kimya kabisa. Ama "tik", au "tik-tik-tik" ya haraka. Ama injini inazunguka vizuri, "rrr-rrr-rrr", lakini haishiki. Vijana, hapa ndipo kazi inapogawanyika. Kama injini inazunguka kwa nguvu zake za kawaida, betri na stata zimekwisha kujitetea. Ondoa mkono wako hapo! Tumeona watu wakinunua betri mpya kwa gari linalozunguka vizuri kabisa, na kumbe lilikuwa limeishiwa na petroli.

Tuanze na la "tik". Washa taa kubwa za mbele, mwambie dereva azungushe ufunguo tena, uangalie taa. Zikififia hadi karibu kuzimika, umeme haupo wa kutosha: betri imechoka, au vichwa vyake vimelegea, au vimeota ule unga mweupe na wa kijani. Zikibaki kung'aa kama kwamba hakuna kilichoombwa, basi umeme upo lakini haufiki kwenye stata, au umefika na stata imekufa. Kipimo hiki hakikugharimu hata senti.

Ukiwa na mita ni vizuri zaidi, na siku hizi kuna mita za bei ya chini ambazo kikundi kinaweza kununua pamoja. Betri nzima iliyojaa, gari likiwa limepumzika, inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.4 bado ina kiasi. Ikisoma 12.0 karibu imekwisha, hata kama redio inalia na taa ndogo zinawaka; redio si shahidi, inakula umeme kidogo sana. Wakati wa kuzungusha injini isishuke sana chini ya volti 10. Ikianguka hadi 7 au 6, hapo ndipo unaweza kuzungumza juu ya betri. Na gari likishawaka, pima tena: ikisoma kati ya 13.8 na 14.4 hivi, alteneta inachaji. Ikibaki 12 na kitu, usimuuzie mtu betri, maana hata hiyo mpya itakufa wiki hii.

Tunaongeza neno juu ya desturi moja mbaya. Kuna mafundi wanaopima alteneta kwa kung'oa kichwa cha betri gari likiwa linanguruma, ati likizima alteneta ni mbovu. Kwa gari la zamani labda lilivumilia. Gari la siku hizi lina kompyuta, na ule umeme unaoruka ghafla unaweza kuiua. Kompyuta moja ni pesa nyingi kuliko kila kitu ulichotaka kupima.

Wacha tuwape kisa. Tuliletewa Probox ya teksi, ikivutwa kwa kamba. Ilikuwa inasema "tik" tu. Fundi wa kwanza alikuwa amebadilisha stata, wa pili akabadilisha betri, na bado ni "tik". Dereva alikuwa na siku nne hajapeleka hesabu, na mwenye gari alikuwa amekwisha kumtafuta dereva mwingine. Huyo mtu alikuwa karibu kupoteza kazi, na gari lina stata mpya na betri mpya!

Tulipima betri: volti 12.5. Wakati wa kuzungusha ufunguo haikushuka chini ya 12, na taa hazikufifia. Sasa fikirini hapo. Stata ni mlaji mkubwa kupita wote ndani ya gari. Ikila, lazima betri ilie. Betri isipolia maana yake chakula hakifiki. Tukaweka mguu mmoja wa mita kwenye hasi ya betri, na mguu wa pili kwenye chuma chenyewe cha injini, dereva akazungusha. Mita ikasoma karibu volti 4. Pale pasizidi nusu volti. Volti 4 zilikuwa zinapotea njiani, kwenye waya wa athi, yaani ule mweusi unaotoka hasi ya betri na kushikwa kwenye bodi na injini. Umeme hauendi tu, lazima pia urudi, na mlango wa kurudi ulikuwa umeziba. Tulifungua nati, tukakuta kutu na rangi chini yake, tukapiga msasa mpaka chuma kikang'aa, tukakaza kwa spana. Gari likawaka mara ya kwanza.

Na asiye na mita? Achukue waya mmoja wa kuunganishia betri, ashike upande mmoja kwenye hasi na upande mwingine kwenye chuma cha injini, halafu dereva ajaribu. Likiwaka, athi imejulikana. Hayo mnaweza kufanya hata gizani.

Sasa ule ubishi. Dereva yule alipoona tumekunja msasa akauliza, "Sasa nawalipa nini? Si mmekwaruza tu?" Mtu huyu alikuwa amelipa mafundi wawili kabla yetu bila kunung'unika, kwa sababu kila mmoja alimwonyesha kitu kipya kimeingia. Sisi tuliolifanya gari liwake ndio tuliopewa maneno. Alilipa, lakini alilipa kwa sababu bei ya kutafuta tuliitaja kabla ya kufungua boneti, naye akaikubali mbele ya watu.

Madereva na wenye magari mliopo hapa, tunawaomba mlifikirie jambo hili bila kukasirika. Fundi akijua kwamba mteja hulipia chuma tu, atauza chuma. Hata aliye mwaminifu, mwenye watoto nyumbani, atasukumwa huko. Atakwambia stata imekufa kwa sababu stata inalipwa na kupima hakulipwi. Hatusemi wezi hawako. Wako, na tunawajua. Lakini wengine tumewafundisha wizi sisi wenyewe kwa kukataa kulipia akili. Na ninyi vijana, msije mkageuza maneno haya yakawa ujanja: mkitoza pesa ya kutafuta, mtafute kweli, mwonyeshe mteja mita inasoma nini, mwandike kwenye daftari. Spea ya zamani ikitolewa ni mali yake, mpeni mkononi hata kama ni takataka. Anayekataa kumrudishia mteja stata yake ya zamani, sisi tungemwuliza inaenda wapi.

Turudi kwa lile gari linalozunguka lakini haishiki. Injini ya petroli inataka hewa, petroli, moto wa plagi na mgandamizo, na vyote vije kwa wakati wake. Mara nyingi kinachokosekana ni petroli au moto.

Kwa petroli, msiamini geji. Hapa kwetu watu wanaweka ya shilingi mia mbili, mia tatu, halafu wanaegesha kwenye mteremko. Petroli iliyobaki inakimbilia kona moja ya tangi na pampu inanyonya hewa. Sukuma gari pahali tambarare, ama ongeza lita mbili, kabla ya kulaumu pampu. Ukifungua ufunguo bila kuwasha, kwa magari mengi pampu hulia "zzz" sekunde mbili hivi kule nyuma, karibu na tangi. Isipolia, anza na fyuzi, kisha rilei, kisha waya. Pampu yenyewe ije mwisho. Na petroli ya kwenye chupa mnayouziwa usiku kando ya barabara, hamjui ilichanganywa na nini. Uchanganyaji ulikuwa tatizo kubwa hata mwaka wa 2018 serikali ikaweka ushuru wa shilingi 18 kwa kila lita ya mafuta ya taa, kusudi yasiwe rahisi hivyo kuchanganya na dizeli.

Juu ya moto wa plagi, wazee wetu wa Peugeot 404 walikuwa wakivuta waya wa plagi, wakausogeza karibu na chuma na kuangalia cheche. Magari yale yalikuwa na pointi na kabureta, na asubuhi za Julai zenye ukungu dawa ilikuwa kupangusa kifuniko cha distribyuta kwa kitambaa kikavu. Lakini Kenya hairuhusu kuingiza gari lililotumika lenye zaidi ya miaka minane, kwa hiyo kabureta zimebaki chache sana. Gari la leo lina koili juu ya kila plagi, lina nguvu za kukurusha, na cheche ikikosa njia inaweza kuharibu koili au kompyuta. Tumia kifaa cha kupimia cheche, usitumie kidole wala bisibisi.

Angalieni pia dashibodi kabla ya kuchafua mikono. Kama kuna kitaa cha ufunguo kinachopepesa wakati dereva anajaribu, huenda gari halimtambui. Ni kinga ya wizi, nayo inafunga injini makusudi. Jaribu ufunguo wa pili. Alamu zinazofungwa mtaani nazo hukata umeme wa pampu au wa stata, na waya wake ukilegea mtaitafuta pampu siku nzima.

Halafu kuna ile mashine ya kusoma kompyuta, ambayo vijana wengi wanaiona kama mganga. Mashine inasema namba, haisemi nunua. Ikileta P0335, inasema njia ya umeme ya sensa inayohesabu mizunguko ya injini ina shida. Sensa yenyewe inaweza kuwa nzima na shida ikawa ni waya. Na huku kwetu tunajua nani anakata waya: panya. Wanapenda injini yenye joto usiku. Fuateni waya kwa tochi kutoka mwanzo hadi mwisho kabla ya kumtuma mtu mjini.

Mkanda wa taimingi ukikatika, injini huzunguka kwa wepesi wa ajabu na sauti yake hubadilika. Ukisikia hivyo, acha. Kuendelea kuzungusha kunaweza kupinda valvu.

Maji nayo. Mafuriko ya Aprili na Mei 2024 yalifunika magari mengi Nairobi. Gari lililozama lisijaribiwe hata mara moja. Maji hayagandamizwi kama hewa. Yakiwa ndani ya silinda, stata ikisukuma, fimbo za pistoni zinapinda. Ondoeni betri, toeni plagi, mwageni maji, badilisheni oili, ndipo mfikirie ufunguo.

Dizeli tutaizungumza siku nyingine. Haina plagi za cheche. Baridi ya asubuhi mara nyingi ni plagi za kupasha joto, na iliyoishiwa na mafuta mara nyingi imevuta hewa, inataka kupampiwa kwa mkono mpaka hewa itoke.

Sasa usalama, maana hatutaki kumzika mtu kwa sababu ya teksi. Zamani magari yaliwashwa kwa hendeli, nayo ikirudi nyuma ilivunja watu mikono; ndiyo sababu stata ya umeme iliyotoka kwenye Cadillac mwaka wa 1912 ilipokewa kwa furaha. Hatari ya siku hizi iko kwenye kuunganisha betri mbili. Waya mwekundu ushike chanya ya betri iliyokufa, halafu chanya ya ile nzima. Mweusi ushike hasi ya betri nzima, na upande wake wa mwisho ushike chuma cha injini ya gari lililokufa, mbali na betri. Watu hubisha juu ya huo mwisho. Sababu ni kwamba betri hutoa hewa inayowaka, na pale unaposhika mwisho ndipo cheche inaporuka. Betri ikipasuka inarusha asidi machoni. Sigara iwe mbali. Otomatiki usiisukume, haitawaka kwa kusukumwa.

Na betri iliyokufa isiyeyushwe nyumbani kwa kutafuta risasi ya kuuza. Mnakumbuka Owino Uhuru, Mombasa. Kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilitia sumu ya risasi katika mtaa mzima, watoto wakiwa wa kwanza kuumia, na mwaka wa 2020 mahakama ya mazingira ikaamuru walipwe shilingi bilioni 1.3, kesi ikaendelea katika mahakama za juu. Pesa haiondoi risasi kwenye damu ya mtoto. Mtu anayefanya hivyo ndani ya ploti yenu, akiwa hata ni jirani mwema, msinyamaze.

Jumamosi ijayo tutafungua stata moja nzima na moja iliyokufa, mwone tofauti yake ndani. Kila kikundi kije na msasa, kitambaa kikavu, spana ya 10 na ya 12, na daftari. Madereva wenye gari linalosumbua asubuhi walilete, lakini wasilipe mtu yeyote kuligusa kabla ya hapo, na waje wakijua kwamba kutafuta kutakuwa na bei yake, itakayotajwa boneti ikiwa bado imefungwa.